Pikipiki ya Shemeji Msibani Morogoro

Jumatatu, 9 Juni
Toka Mungu aumbe Zombo hajazaliwa mwenye akili kama mimi, Goodhope. Shule niliacha darasa la sita, walimu walikuwa wananichelewesha. Leo hata shemeji Donati, mume wa dada Magreth, kakubali. Kanikabidhi pikipiki yake nipeleke shafti ya mashine ya kusaga ikachongwe Morogoro. Nikiirudisha nzima, ananipa kwa mkataba: mwaka mmoja namletea hesabu ya kila siku, halafu inakuwa yangu! Isiporudi nzima, anapewa Nassir, kijana mwenzangu wa hapa kijijini. Nassir! Mtu anayeshuka kusukuma akiona dimbwi. Shemeji kaniuliza mjini nitaegesha wapi. Nimecheka. Swali la kishamba.

Jumanne, 10 Juni
Mikumi nimepita mbugani kama risasi. Tembo kanipisha. (Alikuwa mbali.) Morogoro! Fundi kasema shafti mpaka Ijumaa. Balaa. Gesti haina uwanja, na mhudumu kasema pikipiki hailali chumbani. Nikamwambia aiandike kama mke wangu. Kasema wake wanaovuja oili hawapokei.
Nikaiegesha kijiwe cha bodaboda. Penye wengi hapaibiwi. Nageuka kununua chapati, wamenizingira. Eti nimekuja kuwaibia abiria bila kujiandikisha kijiweni. Nikasema naegesha tu. Mmoja kasema wezi wa abiria wote huanza kwa kuegesha. Wametoa upepo matairi yote. Nimesukuma huku watoto wananiimbia. Mji umeoza huu.

Jumatano, 11 Juni
Akili imerudi! Nyuma ya gesti kuna msiba. Turubai, geti, watu kutwa kucha. Mwizi gani ataiba mbele ya waombolezaji? Nimejaza upepo, nimevaa uso wa huzuni, nimeingia na pikipiki yangu. Bibi Tabea, dada wa marehemu, kauliza mimi wa nani. Nikampa shikamoo ndefu, nikasema mjukuu, wa kule Zombo. Kumbe marehemu aliwahi kufanya kazi Kilosa, wilaya yetu, ujanani! Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa. Bibi kanikumbatia, kasema pua ni ya kaka yake kabisa. Pikipiki ikawekwa chini ya dirisha. Nikala wali maharage. Makaburini nimelia kuliko wanawe. Nimebeba jeneza, tena upande wa mbele!

Alhamisi, 12 Juni
Mjukuu hapumziki msibani. Kuni mimi. Maji mimi. Masufuria, tena yale yaliyoungua, mimi. Mzee Melkizedek, mkuu wa ukoo, kaniita mvivu hadharani, eti damu ya Zombo imechacha. Nimeendelea kusugua kwa ajili ya pikipiki. Wajomba wameifuta vumbi, wanaizunguka, wanaisifu. Nimejisikia fahari. Mgongo umekufa.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwisha. Nimerudi na shafti begani, nakuta turubai linaanuliwa na ukoo uko kikaoni. Melkizedek anataja mali za marehemu. Kitanda. Redio. Mbuzi. Pikipiki nyekundu. Nyekundu! Atunze Optatus, mtoto wa mdogo wake marehemu. Nikapiga kelele kuwa ile yangu.  Melkizedek kasema udongo wa kaburi haujakauka, mjukuu wa nje keshaanza kugombea urithi. Nikasema basi mimi si mjukuu, marehemu sijawahi kumwona hata kwenye picha! Bibi Tabea akaangua kilio upya: eti sasa naukana ukoo kwa ajili ya pikipiki! Optatus kaifungia stoo. Mnyororo, kufuli, na mbwa mlangoni. Haijawahi kuegeshwa salama vile. Kasema anayedai aje na kadi. Kadi iko Zombo, sandukuni kwa Donati.

Jumamosi, 14 Juni
Basi mpaka Mikumi, shafti mapajani kama mtoto mgonjwa. Stendi nimekaa nikishindwa kupanda gari la Zombo. Naitazama barabara, natamani tembo wa juzi aje anikanyage. Nimempigia dada Magreth. Kapokea Donati. Nimeeleza yote.  Kisha kauliza kama shafti ninayo.

Jumatatu, 16 Juni
Donati alikwenda jana na kadi. Katoa rambirambi, wamempa pikipiki na chai. Kaapa mimi si ndugu yao. Bibi Tabea kamjibu pua haidanganyi.
Pikipiki anayo Nassir. Kapita asubuhi, kaniuliza kama nina msiba wowote, anipeleke.  Nimeingia ndani, nimelala kifudifudi mpaka mchana.
Lakini sijafa! Bibi Tabea kanialika arobaini. Nitaazima baiskeli ya Sapit, jirani yetu mfugaji, na kuegesha ni palepale. Mimi pale ni mtu wa nyumbani.
Melkizedek simlaumu tena, wala Optatus. Siku ile getini walisema vyombo vya usafiri vya wageni vinabaki nje. Ni mimi niliyesema hii si ya mgeni, ni ya marehemu, aliiacha Zombo, namrudishia.