Josiane Wangu Hana Njaa

Jumapili, tarehe 6 Machi 2016

Aibu! Leo kanisani kwetu hapa Buffalo, Amerika, nimeonyesha picha ya binti yangu Josiane, anayesoma Osaka, Japani. Mtoto wa kwanza wa Bukavu kufika huko. (Sijasikia mwingine.) Nilitaka waone koti lake jipya. Nzigire wa kwaya akaona sahani. Akauliza mbona mtoto anakula maharage yaliyoota mikia. Nikamwambia ni chakula cha wasomi. Bon, akaenda mbele, akaomba tumwombee Josiane anayekufa njaa Japani! Mchungaji Salvatori akatangaza kwamba Jumapili ijayo kikapu kitapita. Kikapu! Kile kile cha mjane aliyeunguliwa na nyumba.

Lazima nikizuie.

Jumatatu, tarehe 7

Nimempigia Josiane. Amecheka. Anasema mboga ile ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, ukiikaanga na yai siku imepita. Jioni anazunguka dukani mpaka mfanyakazi abandike stika za nusu bei, ndipo anabeba samaki. Akili hiyo ameitoa kwangu. Nikamwagiza apige picha na samaki mkubwa. Mkubwa, nikarudia.

Jumanne, tarehe 8

Picha imefika. Kichwa cha samaki. Kikubwa, donc, lakini kichwa tu. Anasema vichwa ndivyo rahisi. Nimewatumia akina mama wote kwenye WhatsApp, nikaandika kwamba kwetu kichwa ni cha baba mwenye nyumba, na Josiane anakila peke yake. Nzigire akajibu: "Mama Josiane, na mwili ameula nani?" Vicheko kumi na moja nyuma yake. Nimevihesabu.

Alhamisi, tarehe 10

Nimepata dawa! Jumamosi nitawapikia chakula cha Japani, matumbo yao yenyewe yatoe ushahidi. Nimenunua mifuko sita ya mikia ya maharage dukani pale mtaa wa Bailey. Karibu ya bure. Fufu, ugali wetu wa muhogo, sipiki. Japani hawapiki fufu.

Jumamosi, tarehe 12

Wamekuja saba, na theluji yote hii. Wali, mikia, kichwa kimoja cha samaki, yai bichi juu ya kila bakuli. Mama Kanyange, mkubwa wetu, akauliza polepole kama kazi yangu ya ghala imesimama. Nikasema kazi ipo, huu ndio ulaji wa Josiane. Akasema ndiyo, binti yangu, akanishika mkono. Nzigire akauliza fufu inaletwa saa ngapi. Nikamjibu chakula ndicho hicho. Akanyamaza! Miaka mitatu namjua, hajawahi kunyamaza. Ushindi. Walishiba haraka, saa moja wamekwisha toka. Dirishani nikawaona wamesimama kwenye theluji, wananong'ona muda mrefu. Wananisifu.

Jumapili, tarehe 13

Kikapu cha Josiane kimefutwa! Mchungaji amesema tusiangalie Japani wakati hapa hapa Buffalo kuna dada mwenye njaa anayeona haya kusema. Maskini. Nikaitikia amina kuliko wote, nikamtolea dola tano.

Mchana Nzigire amegonga mlango. Unga wa fufu gunia zima, dagaa wetu wa ndagala, majani ya muhogo ya sombe, mafuta ya mawese. Akanikumbatia, akalia. Nimeelewa: anaomba msamaha kwa maneno yake. Nimemsamehe. Nikasonga fufu ya watu wawili, nikaimaliza peke yangu, maana tangu jana tumbo lilikuwa linalia.

Jumamosi naalika kwaya nzima. Safari hii, mayai mabichi mawili mawili.