Lisizimwe Mpaka Mikelenge

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimeosha gari tangu asubuhi. Mara mbili, maana vumbi la kiangazi halina adabu. Jekundu, milango miwili, kisogo kifupi kilichokatwa kwa madaha, kioo juu ya paa. Lilikuja Kindu kwa treni, limeshatumiwa na watu wa mbali ambao naamini walilia kuachana nalo. Hapa Alunguli, upande wetu wa mto, wenzangu wanapanda pikipiki. Mimi nina mtindo!

Basi nikalipeleka sokoni lionekane. Likaonekana, tena sana. Nilizima injini ninunue majani ya sombe, kurudi likakataa kuwaka. Wauza nyanya wakaacha nyanya zao wakasukuma, wakicheka njia nzima. Na nani akapita wakati huohuo? Djuma, jirani yangu, mfanyabiashara wa samaki wa Lokandu, mtu asiye na haya. Hakusaidia. Alishuka kwenye pikipiki, akafungua boneti bila ruhusa, akapima injini kwa kamba! Anaitaka aifunge kwenye boti yake kubwa. Injini ya gari langu ibebe samaki!

Mke wangu Bibiche alikuwa na habari zote kabla sijafika nyumbani. Jumamosi anaolewa Sifa, binti wa Odette, dada wa mke wangu, na mimi nimeshaahidi kumpeleka bibi harusi kanisani Mikelenge, ng'ambo ya mto. Kwa kawaida mke wangu huniita Papa Gisèle, kwa jina la mtoto wetu. Leo ameniita jina langu, nikajua kumekucha.

"Mardochée," amesema, "kama hata muntu moja anasukuma ile gari siku ya ndoa, njo mwisho yake. Djuma ataikamata."

Nimekubali. Ningefanyaje? Alikuwa ameshika mwiko.

Jumatano, 10 Julai

Fundi Soudi ameingiza kichwa kwenye boneti, amekitoa, ametoa hukumu. Gari likiwa baridi linawaka. Likipata moto ukalizima, haliwaki mpaka lipoe au lisukumwe. Kifaa kinachotakiwa kiko Goma, na ndege inakuja ikitaka. Dawa ya sasa: usilizime.

Usilizime! Rahisi kiasi hicho! Nitaliwasha nyumbani kwa Odette, nitalizima mbele ya padri. Katikati hapo nani ana sababu ya kuligusa?

Papa Abedi anayo. Kivuko chake ni mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja, mbao juu, injini moja nyuma. Nilimwendea kwa heshima zote, na ndizi mkononi. Akala ndizi. Kisha akasema gari lolote linalopanda kwake linazimwa, kwa sababu yeye huendesha kwa sikio na lazima aisikie injini yake.

"Kwa kivuko yangu motere moja tu njo inasema," amesema. "Ya mimi."

Nimemweleza maneno ya fundi. Amesema fundi hana mto. Mzee mkaidi! Nimerudi nyumbani na maganda.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepata! Nashangaa mwenyewe jinsi ninavyofikiri. Papa Abedi hataki kusikia injini ya gari. Vizuri, hataisikia.

Kwaya ya akina mama ya Mama Marie-Louise ikiimba Alunguli, watu wa ng'ambo wanageuka. Nimewaendea nikawaambia ni aibu bibi harusi avushwe mto kimyakimya kama gunia la mihogo. Machozi yakawalengalenga. Wameomba jambo moja tu, kwamba kila mmoja apande gari langu aonje. Nimewazungusha mtaa mzima, wawili wawili, mchana kutwa, bila kuzima. Petroli imeisha, nimeongeza nyingine. Kila mmoja aliposhuka alitaka kuketi tena upande wa pili.

Odette amepita akatuona. Amesema kumbe shemeji yake ana moyo, na yeye siku zote alidhani ana maneno tu. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kusema kweli nimefurahi sana. Katika ukoo wa mke wangu sijawahi kusifiwa.

Jumamosi, 13 Julai

Nina hasira. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Gari liliwaka mara moja. Sifa akaingia nyuma na gauni lake lote, Odette akaketi mbele. Maua, riboni, vigelegele, watu wamejipanga barabarani! Ningekufa dakika ile ningekufa mtu mkubwa.

Tukapanda kivuko, kwaya ikalipuka. Papa Abedi akatega sikio, hakusikia kitu cha kumkera, akaondoa kivuko. Gari langu linanguruma chini ya sauti za akina mama na hakuna ajuaye. Nilicheka ndani kwa ndani. Katikati ya mto wimbo ukawa mtamu kupita kiasi. Papa Abedi mwenyewe akafumba macho, akaingia na sauti ya besi.

Hapo ndipo injini yake ilipozimika. Nani angesikia? Tulikuwa tunaimba! Mto Lualaba ukatuchukua taratibu, na sisi tunarudia kiitikio, mpaka tukapanda juu ya fungu la mchanga. Pu! Wimbo ukakatika. Kimya. Na katika kimya kile, gari langu peke yake: ngurr, ngurr, ngurr.

Papa Abedi akafumbua macho. Akaja dirishani, akaingiza mkono, akazima, akatia ufunguo mfukoni mwake.

Na nani akatokea na mtumbwi wa injini, suti imepigwa pasi, anakwenda harusini? Djuma! Sifa alinitazama kwa huruma.

"Papa, usikasirike," akasema. "Padri iko anangoja."

Akakusanya gauni, akahamia kwa Djuma. Odette akamfuata bila hata kugeuza shingo. Hilo liliniuma kuliko yote.

Hawajafika mbali, Papa Abedi akakuta injini yake imenaswa na gugu. Gugu tu! Alilitoa kwa kidole. Tukajinasua mchangani, tukafika ng'ambo na gari bado la moto. Akanirudishia ufunguo. Nikajaribu. Wapi! Nikalibembeleza. Wapi! Na mto umeshuka kiangazi hiki, mlima wa kutoka majini ni mrefu kama adhabu. Kwaya nzima, na vitenge vipya, ikasukuma gari mpaka juu. Waliimba pia, lakini ule wimbo sina hakika ulikuwa wa harusi.

Tulipofika kanisani watu walikuwa wanatoka. Bibiche alikuwa mlangoni. Hakuniita jina lolote.

Jumapili, 14 Julai

Djuma amekuja kuchukua gari. Kwa kubadilishana ameniachia pikipiki yake. Nilimpa ufunguo nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nikiwa huko nikasikia linawaka. Akalizima, akaliwasha. Akazunguka nalo mtaa, akalizima likiwa la moto, akaliwasha. Likawaka! Sasa amebadili mawazo, hatoi injini hata kidogo.

"Jirani, hii gari iko muzuri," amesema. "Wewe ulikuwa unaibembeleza mingi."

Jioni amewapa watu lifti kutoka kwenye sherehe ya harusi, iliyoendelea leo kwa Odette. Mke wangu mwenyewe alikuwa mbele, akanipungia mkono. Msaliti! Namaanisha gari.

Alhamisi, 18 Julai

Pikipiki inawaka kila asubuhi. Inakwenda, inarudi. Hakuna anayegeuka kuitazama. Bibiche anacheka tena, ananiita Papa Gisèle, anasema amani imerudi nyumbani. Imerudi kweli. Sina la kuandika.

Jumamosi, 20 Julai

Mwalimu mstaafu Ephraïm, mtaa wa pili, anaachana na gari lake! Njano! Kisogo kifupi kuliko lile la kwanza, viti vya ngozi, paa linafunguka lote. Linawaka likiwa baridi, linawaka likiwa la moto, nimejaribu mwenyewe. Nimempa pikipiki palepale. Aliipanda akaondoka haraka mno, nadhani ni mtu wa haya.

Kasoro ni moja tu: halirudi nyuma. Soudi amelitazama akatikisa kichwa. Lakini mimi nirudi nyuma kutafuta nini? Maisha yangu yote nakwenda mbele!

Nimelipitisha polepole mbele ya soko ili waone. Wameona. Nimeliingiza uani kwa mbwembwe na kulisimamisha pua ikigusa ukuta, lisipigwe na jua. Bibiche ametoka, amelizunguka, ameuliza litatokaje. Wanawake hukata tamaa upesi. Jibu liko wazi: kubomoa ukuta kidogo, upana wa gari tu, na kupitia upande wa pili. Nyundo nimeshaazima. Nimeiazima kwa Djuma, kwa sababu ukuta ni wake, na upande wa pili ndipo anapolaza gari jekundu. Hajaniuliza nyundo ni ya kazi gani.