Ufunguo wa Tanuri la Kijiji

Jumatatu, 6 Oktoba

Magoti ya Bibi Irmgard yamekataa. Miaka ishirini na mitatu ameshika ufunguo wa tanuri la kijiji, sasa anauachia. Alitangaza jana baada ya misa: atakayetoa mkate bora Jumamosi ndiye atakayekabidhiwa, na kuanzia sasa utashindaniwa kila mwaka.

Ufunguo ule nimeutaka tangu nistaafu posta. Mwenye ufunguo ndiye anayepanga nani aoke lini, kwa hiyo kila mtu humsalimu kwanza. Mimi husalimiwa na mbwa.

Tatizo dogo: sijui kuoka. Mkate wangu wa mwisho, mke wangu Roswitha anautumia kuzuilia mlango wa banda. Jirani yetu Volkmar anajua kuoka, na anajua kwamba anajua. Simpendi.

Jumanne, 7 Oktoba

Njia imepatikana. Mjinga huoka, mwerevu hununua.

Nimezunguka vijiji vinne kutafuta mwokaji wa kweli. Duka la kwanza: muziki, tabasamu, na mikate iliyoletwa na lori ikiwa imegandishwa. La pili hivyohivyo. La tatu nikauliza donge lao la unga hulala kwa saa ngapi kabla ya kuokwa. Muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya. La nne halina hata kibao. Foleni hadi barabarani, wazee watupu, wamenyamaza. Nikajua nimefika.

Mwenyewe, Bi Traudel, hakunisalimu. Alisema kama sijui ninachotaka, nirudi nyuma ya foleni. Nikarudi. Mkate wake mweusi wa nafaka ya rai nilimaliza nusu yake garini, mkavu, bila siagi. Nusura nilie.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hapa kijijini kwetu kila nyumba hukata alama yake juu ya donge bichi ili mikate isichanganyike tanurini. Yetu ni duara lenye msalaba. Nimemwomba Bi Traudel aikate kwenye mkate nitakaouchukua Jumamosi alfajiri. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee wangu, kama unaona haya kusema mkate ni wangu, usinunue." Nikasema ni zawadi ya mke wangu. Akasema pole zake huyo mke. Lakini amekubali.

Kwa ajili ya macho ya watu, nimekanda donge langu pia, kwa chachu ya marehemu mama ambayo Roswitha huilisha unga kila wiki, sijui kwa nini. Kawaida donge hulibonyezabonyeza kila nusu saa, naongeza hiki, naongeza kile. Safari hii sina muda, nina mipango. Nimeliweka stoo penye baridi nikaendelea na shughuli zangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ilianza vizuri mno. Mikate ikatoka tanurini, watu wakajaa kwenye keki ya vitunguu na divai changa. Nikabadilisha. Mkate wa Bi Traudel ukakaa ubaoni, wangu ukaingia kapuni chini ya kuni. Hakuna aliyeona.

Bibi Irmgard akapita akigonga mkate mmoja mmoja, sikio karibu. Kwenye wangu wa kununua akafumba macho. Halafu akaugeuza, akapitisha kidole kitakoni.

Safi. Tanuri letu ni la kuni, mkate hutoka humo na jivu kitakoni, hata mtoto anajua. Sikuwaza.

Bibi akainua kidole chake kisicho na jivu watu wote wakione. "Ottmar, mwanangu, huu umeokwa wapi, peponi?"

Walicheka hadi divai ikamwagika. Volkmar, mwenye pua ya paka, akapekua kapu langu akatoa mkate wa kweli. Bibi akaukata, akasema chakula hakitupwi. Akatafuna. Akatafuna tena. Akaniuliza nimeufanya nini. Nikasema ukweli, mara ya kwanza wiki hii: sikuugusa tangu Alhamisi. Akasema ndicho donge linachotaka, kuachwa. Akasema huu ni mkate wa mama yangu, alidhani ulizikwa naye. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema ungeshinda.

Kisha akampa Volkmar ufunguo.

Nimerudi nyumbani kwa kupitia nyuma ya mashamba. Nimeumia sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimewaza siku mbili. Kosa lilikuwa moja tu: jivu.

Roswitha ananiuliza kwa nini nisikande tena vilevile, nikaliacha donge lilale. Nimemwambia kwamba Bibi Irmgard alinionea huruma tu, na kwamba yeye, mke wangu, mambo ya mikate hayaelewi. Ameondoka na kufunga mlango wa jikoni taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kuubamiza.

Jioni Volkmar kaja, ufunguo shingoni, mpole kama padri. Anaomba eti kijiko kimoja cha chachu ya mama. Nikamwambia, "Kijiko cha nini, jirani? Chukua mtungi mzima, mimi nipe gunia la jivu la tanuri." Hakubishana. Gunia kalileta kabla sijamaliza kuvaa viatu, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili, karibu akimbie.

Namhurumia. Kaondoka na unga uliochacha. Mimi nina jivu la kunitosha miaka kumi.