Aliyeitika Jina la Masanja

Walimu wenzangu wa Mngeta, leo nimeadhirika. Nawaandikia jioni hii hii, suruali ikiwa bado imechanika, kwa sababu najua habari za Ifakara hufika huko kabla ya gari la abiria, na zikifika zimeshatiwa chumvi. Bora mzipate kwangu. Someni barua hii kwa sauti wakati wa chai kama kawaida yenu, ila fungeni mlango kwanza, wanafunzi wasisikie.

Mnajua ninavyoishi hapa. Mama Redempta yuko Mchombe na watoto wakubwa, juu ya dungu la miti katikati ya shamba, wanaamia ndege wasitumalizie mpunga. Mimi niko chuoni, mwanafunzi tena, mzee mzima na madaftari yangu. Redempta, kitinda mimba wetu wa miaka mitano, ninaye mimi, maana kule shambani mafua yalikataa kumwachia. Napika uji, nafua, namsuka nywele (zinafumuka kabla ya mchana), halafu nakimbilia darasani. Vijana wananiita Mama wa Kiume. Nimezoea.

Shida ni mahudhurio. Hapa kuhudhuria ni lazima, ukikosa kupita kiwango walichoweka, mtihani hufanyi na mwaka mzima umekwenda na maji. Mimi nimeshakosa kwa ajili ya ndege. Nimekosa kwa ajili ya homa ya mtoto. Siku moja nilikuja naye darasani tukarudishwa mlangoni, nayo ikahesabiwa nimekosa. Wiki iliyopita ofisi ikaniita na kuniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, ukikosa mara moja tu tena, usijisumbue kuja kwenye mtihani."

Sasa leo alfajiri jirani anayenishikia mtoto akagonga dirisha.

"Baba Redempta, utanisamehe. Nakwenda Idete kuvuna, lori ndilo hilo linaondoka."

Lori likaondoka. Nikabaki nimesimama na sufuria ya uji mkononi.

Darasa letu lilikuwa ghala la mpunga hapo zamani. Nyuma kabisa kuna stoo ndogo ya chaki na viti vibovu, na mlango wake unafungukia humo humo darasani. Siku hizi haingii mtu. Mwanzoni walikuwa wanaogopa vumbi. Sasa wanamwogopa Masanja.

Masanja alikuwa mwanafunzi mwenzetu, bwana mifugo, Msukuma mrefu aliyenizidi umri. Alikuwa anatoka Idete kwa baiskeli, mvua inyeshe isinyeshe, na hakukosa kipindi hata kimoja. Kiti chake kilikuwa pale pale kando ya mlango wa stoo. Jioni alikuja kwangu tusome pamoja, lakini kabla ya kufungua kitabu ilikuwa lazima acheze shule na Redempta. Redempta ndiye mwalimu. Anaita majina, na Masanja anasimama, mikono nyuma, anaitika kama alivyoitika darasani siku zote: "Nipo, Mwalimu, nipo." Mara mbili. Chuo kizima hakuna mwingine aliyeitika hivyo.

Mwezi uliopita homa ilimchukua ghafla. Tulimzika kwao Idete, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Redempta nilimwambia babu Masanja amesafiri. Nilishindwa kusema vingine.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia kile kiti. Vijana wanasema siku za mvua kinalia chenyewe, kama mtu mzito anakaa taratibu. Mimi, mwenyekiti wa kigango kanisani, niliwakemea vikali. Niliwaambia msomi haogopi kiti. (Mkumbuke maneno hayo, maana wao hawajayasahau.)

Basi leo nikamwingiza mtoto stoo kabla wenzangu hawajafika. Nikamtandikia kanga, nikamwachia kiazi cha kuchemsha na ubao wa kuchorea.

"Usitoke, usiseme kitu, mpaka baba aje."

Akatikisa kichwa. Mafua yamemkausha sauti, siku hizi akiongea utadhani mzee aliyevuta tumbaku tangu ujana wake. Nilikuwa nimempa dawa, na nilipokuwa narudishia mlango macho yalikuwa yanamfumba. Nikaenda kukaa mahali pangu karibu na dirisha, nimejipongeza.

Mvua ikaanza. Mnaijua mvua yetu ya masika, ile inayoturudishia usiku wakati jua limeshatoka. Umeme ukakatika. Ukungu ukatoka mashambani, ukaingia madirishani na kutambaa chini ya viti mpaka miguu ya walio mbele sikuiona. Popo wakaanza kujisogeza darini. Mhadhiri wetu alikuwa mgeni kutoka Dar, ameshuka kwenye treni jana, kijana wa suti na viatu vinavyong'aa. Akafundisha Saikolojia ya Mtoto katika giza lile, na kwa jinsi tulivyokuwa hatumwoni vizuri, ilikuwa kama ukuta ndio unaofundisha.

Katikati ya kipindi kiti cha Masanja kikalia. Krii.

Vichwa vyote viligeuka. Mimi nikakohoa kwa nguvu. Nilijua ni Redempta ameegemea mlango. Nilijua kabisa. Kikalia tena, nikakohoa tena, na Sista Godeliva, mwanafunzi mwenzetu anayekaa ubavuni kwangu, akanisogezea chupa yake ya maji. Baada ya hapo kimya kirefu. Nikajiambia mtoto amelala. Lakini kadiri giza lilivyozidi na baridi ikinipanda miguuni, ule uhakika wangu ukawa unapungua, na nikajikuta nami sitaki kutazama nyuma.

Mwisho wa kipindi mhadhiri akafungua daftari la mahudhurio, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nimeambiwa hapa watu huitikiana. Kwangu hakuna. Nitaita majina yote, halafu nitasaini. Atakayetoka kabla sijasaini, hakuwepo."

Nikashika meza kwa mikono miwili. Hata nyumba ingeungua, mimi nisingetoka. Akaita jina langu, nikaitika. Akaendelea mmoja mmoja, sauti yake ikipita juu ya ukungu, mpaka akafika mahali ambapo ofisi ilikuwa haijafuta.

"Masanja."

Tungemwambia, lakini kila mtu alimwachia mwenzake amwambie. Sista akafanya ishara ya msalaba.

Wakati ule ule mvua ikakatika. Ghafla, kama mtu amefunga bomba. Ikabaki michirizi ya mwisho ikidondoka kutoka kwenye bati, na hata popo wakatulia.

"Masanja," akaita mara ya pili.

Ikaja sauti kutoka nyuma. Nzito, ya kukwaruza, haina haraka.

"Nipo, Mwalimu, nipo."

Niliisikia kwa masikio yangu. Siwadanganyi. Mwenzangu wa mbele aliinamisha kichwa juu ya meza kama mtu anayesubiri kupigwa. Mhadhiri, ambaye hakuwa na habari, akaweka alama.

"Sasa kwa nini unajificha? Simama nikuone."

Kiti cha Masanja kikasogea. Kikasimama. Kikasogea tena, miguu yake ikikwaruza sakafu, na nyuma yake mlango wa stoo ukaanza kufunguka kidogo kidogo.

"Mwalimu," Sista akasema kwa adabu, "huyo tumemzika."

"Mmemfanya nini?"

"Tumemzika. Idete."

Mhadhiri alitazama alama aliyoweka. Akaweka kalamu mezani, polepole, kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Halafu hatukumwona tena. Kiatu kimoja tu ndicho tulichokiona, kimebaki mlangoni.

Wengine wakamfuata, mlango ukajaa watu. Mimi sikusubiri foleni. Nilipanda meza, nikapanda dirisha, msumari ukashika suruali, nikaiachia kipande. (Kipande chenyewe ni cha nyuma.) Nikatua kwenye mtaro uliojaa maji, nikatoka mbio mpaka kibanda cha mlinzi. Mlinzi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia Masanja amekuja kipindi. Naye akaondoka.

Darasa zima lilikuwa limejikusanya pale, limelowa, linahema. Sista akaja wa mwisho, ameshika gauni lake juu kidogo lisiguse tope. Akanitazama. Akatazama pembeni yangu, kulia, kushoto.

"Baba Redempta, mtoto leo umemwacha na nani?"

Nikaelekeza kidole kule darasani.

"Na nani, Mwalimu?"

"Yuko stoo," nikasema.

Walimu wenzangu, ngojeni, aibu bado. Mtu mwingine yeyote angeelewa hapo hapo. Sista alishaelewa, nilimwona anakaza midomo. Mimi nilichoelewa ni kwamba nimemwacha mwanangu mikononi mwa marehemu. Nikapiga kelele jina lake na kurudi mbio kule kule nilikotoka, nikimwomba Masanja kwa sauti, mbele ya darasa zima, kwamba amchukue mtu mwingine, anichukue hata mimi, mtoto aniachie.

Nikafika mlangoni. Pale kizingitini, ndani ya ukungu, alikuwa amesimama kiumbe mdogo, mweupe kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Macho tu ndiyo meusi.

Nikapiga magoti kwenye tope, nikamfanyia ishara ya msalaba mwanangu wa kumzaa.

"Baba," akasema kwa ile sauti yake ya tumbaku, "mbona mmekimbia? Mwalimu hajamaliza majina."

Boksi la chaki lilikuwa limemmwagikia. Nikamshika mabega. Yalikuwa na joto.

"Nani ameitika, mama? Nani ameitika jina la Masanja?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Babu Masanja amesafiri. Ameitwa mara mbili na hakuna aliyemwitikia. Wangeandika hayupo. Wewe ulisema wakiandika hayupo, mtihani hafanyi."

Wenzangu walikuwa wameshafika nyuma yangu, wamesikia yote. Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Yule kijana aliyeanzisha habari za kiti kulia alikuwa anajifuta uso na mkono wa shati, na Sista aligeukia ukutani. Sote tulikuwa darasani jina la mwenzetu lilipoitwa. Aliyemwonea huruma alikuwa amefungiwa stoo pamoja na viti vibovu.

Kicheko kilikuja baadaye, msijali. Kilikuja Sista alipoona suruali yangu kwa nyuma, akavua sweta yake bila kusema neno na kunipa nijifunge kiunoni.

Mhadhiri akarudi kutoka barabarani, kiatu kimoja, soksi moja yenye tope. Akaingia, akakaa, akalifungua daftari. Nikakumbuka mtihani wangu.

"Nilisema," akaanza, "atakayetoka kabla sijasaini..."

Akaishia hapo. Sote tulikuwa tunatazama soksi yake.

"Endelea, Mwalimu," Sista akamwambia kwa upole. "Tunakusikiliza."

Akainama akasaini. Karatasi nzima, sote tupo. Kalamu ilipofika kwenye jina la Masanja ikasita. Akanitazama, akamtazama Redempta, aliyekuwa amesogea mpaka kwenye kiwiko chake kuangalia kama kazi inafanyika vizuri. Ile alama akaiacha kama ilivyo. Ofisi itafuta yenyewe siku itakapopenda.

"Huyu kesho aingie akae humu ndani," akaniambia. "Stoo kuna vumbi." Kisha akaomba mtu amletee kiatu chake, na aliyekwenda kukileta ni mtoto yule yule, maana wengine bado tulikuwa hatujapenda kusogea nyuma.

Tumerudi nyumbani kwa baiskeli, yeye kwenye keria, mimi na sweta ya mtawa kiunoni. Njiani nimemwambia ukweli kuhusu babu Masanja. Amelia kidogo, mgongoni kwangu, bila kelele. Nikadhani amelala.

"Baba."

"Naam."

"Kesho ukikimbia tena, utanichukua?"

"Nitakuchukua, mama."

Akafikiri.

"Basi nitakaa karibu na dirisha."

Chekeni, nimewaruhusu. Ila mkipita Mchombe, chini ya lile dungu la mama yake, piteni mmenyamaza.