Rejeta Tatu na Miguu ya Solfrid

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua. Solfrid ametoa hukumu wakati wa chai. Amesema majira yote ya mwaka jana alilala ndani ya mashua yetu na vidole vya miguu vimekufa ganzi, na mwaka huu hataki tena. Ikifika Jumapili bado kuna baridi humo, mashua inauzwa. Mnunuzi yupo, daktari wa meno wa Bergen. Ameshapiga simu mara mbili, mwizi huyo!

Kuuza Svala! Mashua ya tanga ya futi ishirini na saba, ambayo ndani yake nilimvisha Solfrid pete miaka thelathini na moja iliyopita. Nimekataa. Solfrid amesema basi nipashe joto.

Bahati nzuri mtambo umewasili leo. Boila ndogo ya dizeli, pampu, mipira ya maji na rejeta tatu. Boila inachemsha maji, pampu inayazungusha chini ya vitanda, miguu ya mke inapona. Mtoto anaelewa. Umekuja na kitabu cha maelekezo, kurasa sitini na nne. Nimesoma jalada.

Ragnvald, jirani yangu wa gatini, amenichungulia dirishani. Huyu ni fundi mstaafu wa meli, na mtambo kama huu anao kwenye mashua yake. Mkewe hukaa humo na blauzi nyepesi, nadhani makusudi. Amesema jirani, ukihitaji mkono gonga tu. Nimemshukuru kwa ubaridi. Afadhali nigande.

Jumanne, 10 Oktoba

Boila imekaa vizuri kwenye stoo ya tezini, nyuma kabisa ya mashua. Mlango wa stoo hiyo ni mwembamba, lakini na mimi si mnene kiasi kile anachosema Solfrid.

Kuhusu njia ya mipira nimebuni mbinu safi. Nimeketi sitahani na darubini nikijifanya naangalia mnandi aliyetua kwenye boya. Kumbe naangalia ndani kwa Ragnvald! Nimechora kila kitu: mipira, pampu, rejeta. Baada ya nusu saa Ragnvald ametoka na kikombe cha kahawa akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba yule ndege aliondoka zamani.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimetoboa kabati la nguo la Solfrid. Kidogo tu. Halafu kidogo tena upande wa pili.

Saa nane nimewasha. Pampu imeimba! Nimekimbilia kitandani kule omo, mbele ya mashua, na kukumbatia rejeta. Baridi kama samaki. Ya pili, baridi. Ya tatu nimeiweka karibu na kabati la chakula, na hiyo inawaka moto. Jibini la kahawia limeyeyuka na kuingia kwenye viazi. Bia inaweza kunywewa na mgonjwa wa kifua.

Ni wazi kuna kitu Ragnvald amekificha nisikione. Roho mbaya tu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Balaa jipya. Jumamosi ni msaragambo wa vuli, kazi ya pamoja ya kukarabati gati. Borghild, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye mashua, amebandika orodha mlangoni. Mimi nimepangiwa kubeba mbao za gati, kuanzia saa tatu hadi zitakapokwisha. Hapa kwetu mtu anaweza kukosa mazishi ya shangazi yake akasamehewa, lakini siyo msaragambo. Na mimi hiyo Jumamosi naihitaji, ndiyo siku pekee iliyobaki kabla ya daktari wa meno.

Nimefikiri haraka. Mgongo! Mgongo hauna ushahidi. Nimempigia Borghild nikiongea kwa pumzi fupi fupi. Akasema pole, kisha akasema pole tena.

Ilinibidi nimdanganye Solfrid pia. Amenisugua dawa ya kuchua mpaka machozi yakanitoka. Kisha akaenda mwenyewe kwenye gari kubeba madumu ya dizeli, mawili, kwenye mvua. Nilimtazama kupitia dirishani. Niliona aibu, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Aibu ilidumu mpaka alipofika katikati ya gati.

Ijumaa, 13 Oktoba

Solfrid amekuja mchana kufanya majaribio, amevaa soksi tatu za sufu, moja juu ya nyingine. Ameweka nyayo kwenye rejeta ya omo, akangoja dakika kumi. Hakugomba. Angegomba ningefurahi. Amechukua simu akamwambia daktari wa meno aje Jumapili saa tano.

Nimebaki peke yangu na Svala. Nimempapasa mlingoti. Nimelia kidogo, kwa sababu ya dawa ya kuchua.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu wote walikuwa gatini na nyundo zao. Mimi nilinyata mpaka tezini, nikazama stooni kichwa mbele, nikauvuta mfuniko wa mlango. Niliiwasha boila iende kwa nguvu zote, nipapase kila mpira nijue joto linapotelea wapi. Nikalijua. Linapotelea stooni! Nikataka kutoka. Mkanda wa suruali umenasa kwenye kibano cha mpira. Mbele boila, nyuma mfuniko, katikati mimi.

Kwanza niliomba msaada kwa sauti ya chini, maana wanaojua naumwa walikuwa hatua nne tu. Baadaye sauti ya chini ikanishinda.

Wamekuja watu kumi na sita. Borghild alishika mguu mmoja, Ragnvald mwingine. “Mgongo wako unapinda vizuri kweli, bwana,” Borghild akasema. “Ndio mgongo wa mgonjwa huo?” Watu wakacheka mpaka gati likayumba. Nilipotoka, nimeiva kama kaa, nikamwona Solfrid. Alikuwa amebeba dumu la tatu. Aliliweka chini taratibu, na hapo ndipo nilipotamani kurudi stooni.

Ragnvald alikuwa ameshaingia chumbani. Akauliza kama nilitoa hewa. Hewa gani? Akatoa sarafu mfukoni, akafungua kiskrubu juu ya rejeta ya omo. Hewa iliyonaswa ikapiga mluzi mrefu, rejeta ikatema maji, na ikaanza kupata moto. Kisha ya pili. Akaongeza maji, akafunga. “Ukurasa wa tatu, jirani,” akaniambia. Kazi yote, dakika ishirini tu!

Msaragambo mzima umepita ndani ya Svala kwa zamu kupasha mikono, kila mmoja na mkate mwembamba wa kuokwa kwenye chuma mkononi, jamu ikidondoka. Solfrid aliketi omoni akavua soksi. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Jumapili, 15 Oktoba

Daktari wa meno amekuja na viatu vyeupe. Solfrid amempokea pekupeku, akamwambia mashua haiuzwi, ila kama ana haja na mume anayepinda vizuri, wanaweza kuzungumza. Mtu yule amecheka, amekunywa kahawa, ameondoka. Svala ni wetu!

Nimemwambia Solfrid kwamba naona aibu kweli, hasa kwa yale madumu. Amesema anajua. Kuanzia leo madumu, maji na mkoba wake nabeba mimi hadi Pasaka. Borghild naye amebandika orodha mpya: Jumamosi ijayo, mbao zilizobaki, jina moja. Nimeapa sitadanganya tena. Nimejisikia mwepesi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimegundua jambo. Ragnvald hana joto sitahani! Theluji ikianguka, yeye ataizoa kwa koleo kama mkulima. Mimi nitapitisha mpira mmoja chini ya viti vya nje, na theluji itayeyuka yenyewe mbele ya macho yake. Amenisikia nikipima, akasema nigonge dirisha nikihitaji mkono. Nimemjibu kwamba kitabu sasa nimekisoma. Ukurasa wa tatu wote.

Kazi hiyo inataka Jumamosi nzima. Mgongo umeshatumika. Limebaki goti.

Asubuhi nimechechemea jikoni kwa majaribio. Solfrid ameuliza ni goti lipi. Nimesema la kushoto. Akanipa dumu. Nilipofika katikati ya gati nikagundua nachechemea mguu wa kulia. Hakuna aliyeona, isipokuwa Ragnvald, Borghild na mkewe Ragnvald mwenye blauzi nyepesi.

La kushoto. Naliandika hapa nisisahau.