Godoro la Kilo Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Godoro limekufa. Kuugua liliugua zamani, leo limekufa. Katikati pana shimo kama karai. Mimi nalala kushoto, mke wangu kulia, alfajiri wote tuko chini bondeni, tumebanana kama viazi ndani ya gunia. Enzi zile tungeshukuru. Sasa ana mgongo.

Muuguzi wa zahanati amemwambia atafute godoro gumu, tena la kudumu. Kasoma miaka mitatu kuja kumwambia mtu hivyo! Mke wangu amerudi na karatasi mkononi na sura ya hakimu. Amenipa hadi Ijumaa. Godoro gumu, ama anachukua mto wake anahamia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Nimemwambia njia anaijua. Aliutazama tu ule mto. Sikupenda alivyoutazama.

Mji wetu una wauza magodoro wawili, basi. Wa kwanza Cheko, mwenye duka la samani, anayecheka hata akipewa pole ya msiba. Wa pili fundi Sindano, anayeshona magodoro ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Sindano hapana. Tulisoma pamoja. Mimi niliachia darasa la nne, yeye akaachia la tano, na huo mwaka mmoja amenitambia nao miaka hamsini na mitano. Heri nilale juu ya mlango.

Jumanne, 4 Machi

Watu hawajui kununua godoro. Leo nimewaona dukani kwa Cheko. Mmoja anabonyeza kwa kidole kama anachagua embe. Mwingine ananusa. Wachumba wawili wanakalia ncha ya godoro, kila mmoja anaogopa goti la mwenzake. Hao ndio watanunua kitu cha kudumu? Thubutu!

Mimi nimepima magunia ghalani miaka thelathini na moja. Uzito ndio ukweli. Kitu kizito ni kigumu, kitu kigumu kinadumu. Mizani haina shemeji. Basi nikaenda na mizani yangu ya ndoana, nikaining'iniza kwenye boriti ya Cheko bila kuomba ruhusa.

Magodoro yalikuwa matatu. Yote futi tano kwa sita, yote inchi nane, yote ndani ya nailoni. La kwanza, kilo kumi na nne. Takataka. La pili, kumi na sita. Takataka yenye maua. La tatu lilikuwa nyuma kabisa, limelazwa sakafuni karibu na ndoo iliyokuwa inapokea matone ya mvua kutoka kwenye bati. Tulilinyanyua watu watatu. Mizani ikalia kama mbuzi. Kilo arobaini na moja!

Cheko akaacha kucheka. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Akasema lile asingenishauri, mzee wake, lile lina habari yake, maana pale juu... Nikamkata hapo hapo. Muuzaji akikukataza kitu, jua hicho ndicho. Bila shaka kamwekea mkwewe! Nikatangaza mbele ya wateja wote kwamba nalichukua, na silirudishi hata likiota pembe. Cheko akainua mikono. Kisha akaanza tena kucheka, polepole.

Mwenye mkokoteni alilalamikia uzito njia nzima. Vijana wa siku hizi! Ana miaka hamsini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Gumu kama benchi la mahakama. Mke wangu amelilalia, kageuka, kaligonga kwa kiwiko, mwishowe kakiri kwa sauti ndogo kwamba mgongo umepumzika kweli. Ila akasema lina baridi. Nikamwambia ubora una baridi yake. Akataka kuvua nailoni. Nikakataa katakata. Nailoni ndiyo ngozi ya godoro. Wewe ukinunua ng'ombe wa maziwa unamchuna siku hiyohiyo?

Ukijigeuza linasema chubwi. Hiyo ni sauti ya sponji nzito. Nyepesi haisemi kitu.

Sindano alipita dirishani makusudi. Akauliza eti nasikia mmenunua sponji. Nikamjibu tumenunua kilo arobaini na moja. Akasema sponji haifiki uzito huo hata ikibeba mimba. Wivu ni maradhi. Nikamuuliza kama magodoro walifundishwa darasa la tano. Akaenda zake. Moja bila!

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo dogo. Alfajiri mke wangu kaamka, gauni limelowa ubavuni. Kalitazama paa, kavu. Kaitazama shuka. Halafu akanitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Niliona wazi kwamba hapa lazima mmoja wetu awe na kasoro, godoro au mimi. Na nje nilimsikia Sindano anasalimiana na watu, kicheko chake kile cha darasa la tano. Nikainamisha kichwa nikasema, "Uzee, mama. Nimeshindwa kujizuia."

Uongo mzuri sana. Aibu ya mtu hupita. Aibu ya godoro unailalia kila siku.

Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alinishika bega, akaniambia nisijisikie vibaya, haya ndiyo tuliyokubaliana tulipooana, kuzeeka mahali pamoja. Akaifua shuka mwenyewe na mgongo wake ule. Nimekaa kibarazani, nakwepa macho yake. Lakini godoro linaheshimika.

Ijumaa, 7 Machi

Aliapa siri itabaki chumbani. Ikabaki mpaka saa tatu asubuhi. Shemeji, yule dada yake, kaja na mpira wa kutandikia kitanda cha mtoto mchanga, na amri: chai mwisho saa kumi, tikiti maji marufuku. Muuguzi naye kaagiza nipeleke mkojo kwenye kichupa. Mkojo gani! Mimi najizuia kuliko bwawa.

Sindano kasimama barabarani, kanivulia kofia. Kwa huruma! Akasema hata majenerali huzeeka. Ningemrushia kikombe, ila ndicho kilikuwa kikombe changu cha mwisho cha siku.

Leo ndiyo ile Ijumaa. Mke wangu hajagusa mto ila kuukung'uta. Anasema godoro ni gumu, neno lake linatosha, na mimi nisijali mengine. Nimeshinda. Sijui kwa nini nasikia kama nimemwibia mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo mafuriko yamekuwa upande wake. Wake peke yake! Mimi mkavu kama biskuti. Nikaeleza kwamba chumba kina mteremko. Akatoa shuka, akatoa mpira wa shemeji, akaiona kona ya nailoni iliyochanika kwenye mshono. Akaweka goti.

Maji yakatoka, jamani. Yakapita miguuni kwangu, yakapita mlangoni, yakatoka nje kusalimia majirani.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, hiyo kazi nimeizoea. Alisema hivi tu, "Nimekuonea huruma siku mbili, nimekufulia. Umeona bora niitwe mke wa kikojozi kuliko useme umekosea." Kisha akachukua mto.

Nilimfuata hadi mlangoni. Nikamwambia ugumu lakini aliusifu mwenyewe. Hakugeuka.

Jumapili, 9 Machi

Nimelichuna ile nailoni, nimelianika uani juu ya meza mbili. Limetiririka kutwa. Watoto wa jirani wameelesha mashua za karatasi.

Cheko kapita anatoka kanisani, kasimama, kacheka mpaka kashika ukuta. Anasema ndicho alichotaka kuniambia Jumanne, kwamba bati lake lilichanika mwezi uliopita, na lile godoro ndilo lililokinga maji ya duka zima. Sasa kama mtu ana habari nzito namna hiyo, haisemi kwa haraka? Anaanza na mzee wangu, mzee wangu! Kosa lake. Na kurudisha siwezi, nilishaapa habari za pembe.

Nimepima asubuhi, kilo thelathini na tatu. Jioni, ishirini na tano. Linakonda mbele ya macho yangu.

Jumanne, 11 Machi

Kilo kumi na mbili. Limekauka. Nimelilalia, limenimeza. Laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilitoka kwa kushika nguzo ya kitanda.

Nyumba iko kimya. Si kwamba namkumbuka. Natafuta miwani yangu tu, na yeye ndiye anayejua inakaa wapi. Nimeitafuta tangu jana. Na chumvi pia. Na sijui ile redio huwa anaizimaje bila kuipiga.

Nilipita mbele ya nyumba ya shemeji mara nne, kwa shughuli zangu. Mara ya nne shemeji akatoka, akasema kama natafuta choo kiko nyuma. Ulimi wa mwanamke yule!

Alhamisi, 13 Machi

Fedheha ya fedheha. Mke wangu kaagiza godoro kwa Sindano. Usumba mtupu, kitambaa kinene cha mistari, mshono wa mkono. Shemeji kaleta ujumbe, kauwasilisha amesimama, mikono kiunoni. Godoro ni futi tano kwa sita, maana yake lina nafasi ya pili. Linakuja leo, na mwenye mto anakuja nalo, kwa masharti mawili. Nimshukuru Sindano kwa mdomo wangu. Na nisilipime.

Nikauliza kupima kuna ubaya gani. Shemeji akasema dada yake kasema nikilipima anaondoka, na safari hii mto ataununua mpya hukohuko.

Basi Sindano kaja, kalitua, kalipiga kofi. Vumbi halikutoka hata kidogo. Nikamshukuru. Nilitumia sauti ya kumshukuru anayekukanyaga. Akanishika mkono, akasema "Karibu darasa la tano, bwana." Nikameza. Mke wangu alikuwa anatazama.

Mizani mke wangu kaichukua mwenyewe, kaiweka juu ya kabati. Nikaapa. Kwa mdomo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka jua liko dirishani. Sijalala hivyo tangu nikiwa na meno yote. Hakuna bonde, hakuna chubwi. Mgongo umenyooka, hata mkanda nimeufunga tundu la ndani zaidi. Mke wangu kaamka anaimba, kaikuta miwani yangu mfukoni mwa koti langu, kazima redio kwa kidole kimoja. Mto wake uko upande wake.

Kaniambia nimekuwa mtu mzima mwishowe. Nimekubali. Godoro hili ni jema. Nasema kwa maandishi, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu na shemeji wamekwenda sokoni. Kabati si refu.

Sikulipima kwa ubaya. Nilitaka tu kujua uzuri huo ni kilo ngapi, nimsifu Sindano kwa hesabu. Nimelifunga kamba, nimelining'iniza, nimesoma mara tatu. Kilo ishirini na tisa! Ishirini na tisa! Yaani lile la maji lililizidi hili kwa kilo kumi na mbili! Nilijua. Nilijua tangu kofia ile. Sindano kamlalia mke wangu kwenye uzito, na mgongo wa watu haujui, unaimba tu asubuhi.

Lakini sitamdhalilisha fundi. Nimelirekebisha kimya kimya. Nimefumua mshono wa kona kwa wembe, jirani anajenga, nikachota kwake. Na mtu asije kusema huyu mzee hajifunzi. Maji hapana! Maji yanavuja. Nimetia mchanga, tena mkavu, tena nimeuchekecha kwa chekecheo letu la unga. Nimeusukuma hadi katikati kwa mwiko. Nimeshona kwa sindano yangu ya magunia. Nimepima: kilo arobaini na moja kamili. Mizani nimeirudisha juu ya kabati, ndoana inatazama ukutani kama alivyoiacha.

Nawasikia mlangoni. Mke wangu anamwambia dada yake kwamba jua limemchosha, ngoja ajitupe kitandani kidogo kabla ya kuchekecha unga.

Pita, mama. Jitupe.