Mwizi wa Droni Zake Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo naandika kwa wino mwekundu, maana biashara imefunguliwa rasmi. Droni tano mpya, ndani ya maboksi yake, juu ya meza yangu kwenye kona ya chumba cha ushonaji cha dada. Nimezipanga kwa ukubwa. Zote zina ukubwa mmoja, lakini nimezipanga.

Amezinunua dada kwa niaba yangu, kwenye duka la Bwana Kioo, ng'ambo ya barabara. Mimi duka lile sikanyagi. Nilifanya kazi pale mwaka jana, akanifukuza eti nimerusha droni ndani nikavunja kioo. Kioo kimoja! Duka zima ni vioo! Roho mbaya tu.

Mtaji nao ni wa dada. Ameiweka rehani cherehani yake ya kudarizi kwa muuza mitumba, na yule bwana amesema ikifika Jumamosi jioni haijakombolewa, anamuuzia fundi mwingine. Dada ana oda ya nembo za sare za shule nzima. Bila cherehani ile, oda imekwenda. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, alale usingizi. Akasema usingizi atalala Jumamosi.

Walioshikashika: wengi. Walionunua: hakuna.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Hakuna tena! Mpiga picha wa harusi alikuja, akaigeuza droni huku na huku, akainusa. Ndiyo, akainusa! Akasema za dukani siku hizi zote feki, haziruki hata kufika darini. Akaongeza kwamba ingekuwa ya wizi, hapo sawa, maana mwizi hajisumbui kuiba feki.

Nimekaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa. Mtu mzima, ana kamera ya maana shingoni, haamini duka, anamwamini mwizi! Haya basi. Kama wanamtaka mwizi, mwizi watampata.

Jioni nimechoma maboksi yote. Namba za droni nimezikwangua kwa tupa. Moja nimeichubua ubavuni, ionekane imepitishwa dirishani. Dada kaniuliza mbona naharibu vitu vipya. Nimemwambia hiyo ni fani, aniachie mwenyewe.

Jumatano, tarehe 6 Machi

USHINDI! Meza nimeifunika kwa kitambaa cheusi cha bitana. Sisemi neno. Mtu akikaribia, nafunika zaidi.

Asubuhi tu kaingia mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha, kaleta gauni lipunguzwe. Akauliza naficha nini. Nikasema sifichi kitu. Akasema anamjua mtu anayeficha kitu akimwona. Nikamnong'oneza kwamba ni droni, zimetoka mahali, asiniulize mahali gani. Macho yakamtoka! Kumbe anaitafuta siku nyingi, ili awachungulie wapangaji wanaojifungia ndani na kutuma watoto waseme baba katoka. Nikampeleka uchochoroni. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikampa. Hakuomba punguzo. Gauni alilisahau.

Mchana mpiga picha karudi. Akainusa. Akasema hii sasa ndiyo yenyewe. Ni ile ile ya jana!

Bwana Kioo kasimama mlangoni kwake, mikono nyuma, hana mteja hata wa dawa. Nimempungia mkono. Apasuke.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Redio imesema wezi wamevunja ofisi ya wapima ardhi na kuondoka na droni zao. Tangazo la bure! Kinyozi wa jirani akaniuliza kama nimeisikia habari hiyo. Sikumjibu. Nikakohoa tu, kikohozi cha mtu anayejua mambo. Basi wateja wakamiminika! Watu chungu nzima wanataka kuona mzigo, na kila anayeuliza unatoka wapi, nakohoa. Koo linaniwasha.

Dada akanivuta kando. Akataka nitoke nje sasa hivi nimwambie kila mtu kwamba vitu hivi ni halali. Nikamwambia ng'o! Zimebaki tatu, kesho zinakwisha, Jumamosi cherehani iko nyumbani. Akasema cherehani anaitaka, ila na mdogo wake pia anamtaka. Maneno hayo yamenigusa, sikatai. Lakini wateja walikuwa wananisubiri.

Alasiri afande kaingia na askari wawili. Nikadhani ni wateja. Nikawakoholea.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Haya, pamoja na ya jana, niliyaanza kituoni, pembeni mwa gazeti, na sasa nayanakili na kuyamalizia. Sitaki yapotee.

Afande alizipanga droni zote tano mezani, zangu tatu na zile mbili alizowanyang'anya wateja. Kila moja kaifunga lebo ya njano yenye mhuri wa polisi: KIELELEZO. Wateja nao kawaleta watoe maelezo. Akasema namba zimekwanguliwa, maboksi yamechomwa, na kinyozi ameeleza vizuri kabisa jinsi nilivyokohoa. Jumatatu mahakamani, na huko nisitegemee chini ya miaka kadhaa.

Niliogopa. Naandika bila kuficha: niliogopa kweli.

Ndipo dada akaingia. Na nyuma yake nani? Bwana Kioo! Na tai shingoni! Dada alikuwa amekwenda kumwangukia. Bwana Kioo akaichukua droni moja, akafungua mahali pa betri, akamwonyesha afande mhuri wa duka lake, ndani kabisa, ambako tupa yangu haikufika. Akasema hizi zote kaziuza yeye, kwa dada huyu, mchana kweupe. Dada akaapa hivyo hivyo. Dada yangu wa tumbo moja, ananisafisha jina mbele ya watu!

Mpiga picha akainuka polepole. Akauliza, sauti imemkauka, kumbe ni za dukani? Mama wa nyumba za kupangisha akashika kifua. Soko langu lote lilikuwa ndani ya chumba kile, linanitazama. Na Bwana Kioo kasimama na lile tabasamu lake la huruma. Afande akaniuliza, kwa upole tu, kama ni kweli droni hizi zilinunuliwa.

Nikasema uongo mtupu! Nimeiba mimi, kwa mikono yangu hii!

Afande akauliza nimeiba wapi. Nikasema kwa wapima ardhi. Akasema droni za wapima ardhi kila moja ina ukubwa wa meza hii. Nikasema zilisinyaa.

Dada akaanza kulia. Si kwa sauti, machozi tu. Afande akapiga meza, akasema katika kazi yake yote hajapata kumwona mtu wa namna hii, akaamuru nibebe vitu vyangu nitoke, hata lebo zisifunguliwe, nitoke tu. Nimewahi kufukuzwa dukani, leo nimefukuzwa rumande.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimeharibikiwa. Mtaa mzima unajua kwamba mimi ni mwaminifu. Kinyozi kaniamkia kwa heshima. Aibu iliyoje!

Bwana Kioo amekubali kuzipokea droni tatu zilizobaki, pamoja na mikwaruzo yake. Nilimkatalia usoni. Nikamwambia sihitaji huruma ya mtu anayeishi kwa vioo. Dada akasema mnunuzi ni yeye, si mimi. Akazitia kwenye beseni, akavuka barabara. Kabla jua halijazama cherehani ya kudarizi ilikuwa imerudi mahali pake. Dada akaipangusa, akaitia uzi, akaanza nembo ya kwanza. Hakunitazama. Kisha, bila kugeuka, akasema chakula changu kipo jikoni, nikale kabla hakijapoa.

Nilikula. Nilitaka kumwomba radhi. Neno lilifika hadi kooni, kweli lilifika. Lakini nikamwona Bwana Kioo ng'ambo akimpungia dada mkono, kama mtu wa nyumbani, na neno likarudi lilikotoka.

Jioni mama wa nyumba za kupangisha akaja kunitupia droni yake mezani. Akasema nimemdhalilisha, nimempeleka uchochoroni kwenda kumuuzia kitu halali. Pesa zake za kumrudishia sina, kwa hiyo tumekubaliana: nitawachungulia wapangaji wake mimi mwenyewe, kwa miguu, mpaka deni liishe. Mpiga picha kabaki na yake, ila anadai imepungua nguvu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Niliikuta droni ile mezani, lebo ya njano bado inaning'inia. Akapita dereva wa lori. Akasimama. Akaisoma lebo, akaugusa mhuri kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini imetoka wapi. Nikamjibu ukweli mtupu, bila hata kukohoa: kituo cha polisi. Akainunua pale pale, mbele ya watu! Akasema kama polisi wenyewe waliifungia, hiyo ni orijino, haina mjadala.

Sasa nimejua kosa langu lilikuwa wapi! Nilijitangaza mwizi kwa kikohozi, na kikohozi kila mtu anacho. Kinachotakiwa ni maandishi ya serikali. Shemeji, mume wa dada, ana pikipiki ambayo hana kazi nayo zaidi ya kuendea kazini. Mtaji ule pale! Nimeshamwomba azungumze na Bwana Kioo, anipatie droni ishirini. Amesema atafikiria, akaenda kuifunga pikipiki kwa mnyororo. Huyo tayari analainika.

Kesho mapema nakwenda kituoni kumwomba afande lebo ishirini. Hawezi kuninyima, nimelala kwake.